Wimbo Wangu Unaimbwa Misibani, Jina Langu Halimo

Dada Mshauri, salaam.

Nina miaka 58, nina mke na watoto watatu. Jambo langu ukilisikia juujuu utadhani ni la mtu aliyekosa shida za kweli, lakini linanikosesha usingizi tangu mwaka jana, na nyumbani kila mmoja ana lake la kuniambia. Nimeona nilitoe kwa mtu asiyenijua.

Nilipokuwa na miaka 24 niliimba kwaya. Mimi nilikuwa sauti ya nne, na rafiki yangu wa tangu utotoni alikuwa sauti ya tatu. Siku moja tulimzika binti wa kwaya yetu aliyeugua siku nne tu. Usiku ule mimi na rafiki yangu hatukulala. Nikaanza kuvumisha sauti fulani mdomoni, yeye akaipokea, na kabla hakujapambazuka tulikuwa na wimbo mzima: beti tatu na kiitikio. Sauti zote nne nilizipanga mimi. Maneno ya kiitikio, ubeti wa kwanza na wa tatu ni yangu. Ubeti wa pili ulinishinda kabisa. Rafiki yangu akanipokonya daftari, na kwa kuwa kalamu yangu ilikuwa imekwisha wino, akachukua ya kijani, akauandika wote kwa mkupuo mmoja. Alifuta mstari mmoja tu. Daftari hilo ninalo mpaka leo.

Tuliuimba kwenye arobaini ya yule binti. Baadaye mwalimu wetu wa kwaya akaufundisha kwenye mkusanyiko wa kwaya nyingi, na kila kwaya ikaondoka nao. Zilikuwa zama za kaseti: huyu anarekodi, yule anadurufu. Hakuna aliyeuliza umetungwa na nani, na sisi tulikuwa vijana, tulifurahi tu kuusikia kwingine.

Mwaka jana kwaya moja kubwa imeurekodi vizuri sana. Umesikilizwa na watu wengi kuliko nitakaowahi kukutana nao maisha yangu yote. Chini yake wameandika: "Wimbo wa jadi. Mtunzi hajulikani."

Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimelazwa wiki mbili kwa ajili ya moyo. Pale kitandani wazo lililonisumbua halikuwa madeni wala nyumba. Niliwaza kwamba nikifa, watauimba wimbo wangu juu ya jeneza langu na hakuna atakayejua kuwa aliyelala humo ndiye aliyeutunga.

Kisha nikaenda kwenye msiba mmoja. Ukaimbwa. Mimi koo lilinikaba, nikanyamaza. Mama mmoja aliyeketi kando yangu aliona sifungui mdomo, akaniinamia akaninong'oneza, "Baba, kama hujui maneno nifuate mimi, ni mepesi." Nikamfuata. Alinitangulizia kila mstari kwa midomo, polepole, kama anavyofundishwa mtoto, maneno niliyoyaandika kwa mkono wangu miaka 34 iliyopita. Tulipofika ubeti wa pili akashindwa kuendelea, akalia.

Binti yangu nilipomsimulia alikasirika. Amenipiga picha nikiwa nimeshika lile daftari, ukurasa wa ubeti wa kwanza, na ameandika maelezo yenye kichwa: "Huyu ndiye mtunzi." Kila jioni ananiambia, "Baba, sema neno moja tu, napandisha." Mke wangu anasema, "Mungu anakujua, inatosha." Mdogo wangu anaogopa watu watasema mzee anatafuta kiki.

Sasa dada, nimalizie lile ambalo sijamwambia yeyote. Rafiki yangu alifariki miaka 19 iliyopita. Ameacha mjane na mtoto wa kiume. Watu wachache walioniuliza kwa miaka yote hii kuhusu wimbo huu, niliwajibu, "Nilitunga mimi." Sikumtaja. Na ninajua, kwa sababu nimeona mara nyingi, kwamba watu hulia kwenye ubeti wa pili. Mjane wake nilimkuta msibani siku ile. Tulisalimiana, sikumtazama usoni.

Je, nina kiburi kutaka jina langu libaki? Nidai, au ninyamaze nife na siri yangu?

Mtunzi Asiyejulikana


MAJIBU

Kaka yangu Mtunzi,

Pole kwa kulazwa, na pole kwa yule binti, maana naona hata leo hujamaliza kumlilia. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale kwa yule mama anayekutangulizia maneno kwa midomo. Nitarudi kwake.

Nikikuelewa vizuri, unachouliza juu ni kimoja na kinachokuuma chini ni kingine. Juu unauliza kama ni halali mtu mzima, aliyeiona sura ya kifo kwa karibu, kutamani jina lake libaki kwenye kazi yake. Chini kuna ukurasa wa wino wa kijani ambao picha ya binti yako haikuuonyesha. Nadhani hayo mawili hayatenganishiki, lakini tuanze na la juu, kwa sababu umelibeba kama dhambi na mimi silioni hivyo.

Kutaka kujulikana kwa kazi uliyoifanya kweli si kiburi. Kiburi kingekuwa kutaka kujulikana kwa kazi ambayo hukuifanya, au kutaka mwenzako asionekane ili wewe uonekane. Hata sheria imelitambua hitaji hili. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi duniani zimeutia saini, uliongezewa mwaka 1928 kifungu kinachompa mtunzi haki ya kutajwa kuwa mtunzi, na haki hiyo inasimama peke yake, mbali na ya pesa. Mtu anaweza kuuza wimbo wake wote na bado akawa na haki ya kusema, "Huu nimeutunga mimi." Tena chini ya mkataba huo haki yako haikungoja uandikishwe popote, ilizaliwa pamoja na wimbo, alfajiri ileile. Kwa hiyo mke wako anaposema Mungu anakujua, anasema kweli, na anakupenda. Ila hajajibu ulichouliza. Wewe umeuliza habari za wanadamu.

Hapa naomba nikuulize jambo, na usinijibu haraka. Unapojiona umeshajulikana, unaona sura ya nani? Nani anageuka kukutazama?

Nauliza kwa sababu tunachanganya kujulikana na kukumbukwa. Chukua wimbo wa siku ya kuzaliwa, ule ambao huenda hakuna wimbo unaoimbwa kuushinda. Sauti yake aliitunga Mildred Hill, na dada yake Patty, mwalimu wa chekechea huko Marekani, akaitilia maneno ya kuwasalimia watoto asubuhi. Ulichapishwa mwaka 1893. Maneno ya kuzaliwa yalikuja kupachikwa baadaye. Majina yao hayakupotea, yameandikwa vitabuni, mtu akitafuta anayapata. Lakini wewe umeuimba mara ngapi, na ni lini uliwakumbuka akina dada hao? Wao wamejulikana kwa zaidi ya miaka 100 na hawakumbukwi na mmoja katika maelfu wanaoimba. Siku kwaya ile itakapofuta yale maneno "mtunzi hajulikani" na kuandika jina lako, itakuwa haki, na nitafurahi. Lakini msibani watu watamlilia marehemu wao, kama wewe ulivyomlilia binti wa kwaya. Ukitarajia jina hilo liponye hofu uliyoipata kitandani, naogopa utaliona limeandikwa na usiku usipate usingizi vilevile.

Na kuna neno moja kwenye barua yako ambalo siliafiki. Umesema hakuna atakayejua. Kwaya ya watu wangapi ile? Wote wamekufa? Lazima wapo wazee wawili watatu waliouimba mara ya kwanza kwenye arobaini, wakijua ulitoka wapi. Mbele ya hao hujawahi kuwa mtunzi asiyejulikana. Mara ya mwisho ulikaa nao lini?

Sasa binti yako. Hasira yake naielewa, ni hasira ya mtoto aliyenusurika kumpoteza baba. Lakini tazama kitakachotokea siku atakapopandisha. Wimbo ukishapendwa na wengi, dai moja huzaa dai lingine. Wimbo wa Malaika sote tunaujua. Fadhili William aliurekodi, na jina lake ndilo linaloandikwa mara nyingi. Adam Salim naye alisema aliutunga yeye zamani kabla ya hapo. Na wapo wanaomtaja mtu mwingine kabisa. Fadhili alifariki mwaka 2001 na ubishi haukuzikwa naye. Sikuambii nani alisema kweli. Ninachokiona ni kwamba ubishi wa namna ile hukosa karatasi ya usiku wa kwanza.

Wewe karatasi unayo. Na hapo, kaka, ndipo pagumu.

Ushahidi wako mkubwa ni kwamba daftari lile lina mikono miwili. Mtu yeyote anaweza kunakili beti tatu kwenye daftari kuukuu kwa mwandiko wake na kusema ni za zamani. Lakini kalamu iliyoisha wino katikati ya kazi, wino wa kijani, mwandiko wa mtu mwingine aliyeandika kwa haraka, mstari uliofutwa, hivyo havibuniki. Wino wa rafiki yako ndio unaothibitisha kuwa ulikuwepo. Picha ya binti yako imeacha nje ukurasa ambao ungemfunga mdomo kila mwenye shaka. Na yuko kijana mmoja, ambaye sasa ni mtu mzima, ambaye yumkini alimsikia baba yake akisema, "Ubeti huu ni wangu." Ataisoma ile "Huyu ndiye mtunzi" kwenye simu yake kama watu wengine wote.

Kisheria nako si jambo dogo. Kazi iliyotungwa na watu wawili kwa pamoja ni ya wawili, na chini ya mkataba ule nilioutaja ulinzi wake unahesabiwa kuanzia kifo cha yule wa mwisho kufa, angalau miaka 50. Nchi nyingi zimefika 70. Kwa kuwa wewe u hai, saa haijaanza hata kuhesabu. Yaani mjane na mtoto wake huenda wana sehemu yao halali, na ukijitangaza peke yako utakuwa umewadhulumu hata kama hukukusudia. Kabla ya kuandikia kwaya ile barua yenye neno "haki", mwone mwanasheria anayejua hakimiliki za nchi yako. Mimi nakueleza mpaka hapo tu.

Najua unavyojisikia ukisoma haya. Usijipige sana. Umejibu "nilitunga mimi" kwa watu wachache, kwa miaka mingi, na yawezekana mara ya kwanza yalikutoka tu, kwa kuwa kueleza habari ya rafiki kungerefusha maneno. Kisha akafa, na kumtaja kukawa kama kufungua kaburi. Kosa la namna hii hukua polepole, mtu hafahamu limeanza lini. Lakini wewe umeliandika, kwa hiari yako, mwishoni mwa barua, na mtu aliyeamua kufa na siri haandiki barua kama hii.

Naomba nikusimulie habari ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840. Mashairi yake mengi yaliishi vinywani mwa watu. Yangeweza kuwa "ya jadi, mtunzi hajulikani" kama wimbo wako. Miaka mingi baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua alisaidiana na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor, kuyakusanya kwa waliokuwa bado wanayakumbuka, yakaandikwa, na mwaka 1940 yakatoka kitabuni. Muyaka hakujiwekea jina lake mwenyewe. Wapo watu waliosema, "Hili ni lake," wakati ambapo bado palikuwa na mtu wa kulisema.

Rafiki yako, mtu wa namna hiyo anaye mmoja tu. Usiku ule mlikuwa wawili chumbani. Hakuna mwingine duniani aliyemwona akikupokonya daftari. Ulipokuwa umelala na mipira hospitalini ukiwaza jina lako litapotea, majina yaliyokuwa juu ya kitanda kile yalikuwa mawili, na la pili halikuwa na mtetezi mwingine ila moyo wako ule ule uliokuwa unasuasua. Nadhani ulilijua. Nadhani ndiyo sababu hofu ile ilikuwa kubwa kuliko ya madeni na nyumba.

Basi una njia gani? Unaweza kunyamaza, na wimbo utaendelea kufuta watu machozi bila wewe. Si njia ya aibu, ila ujiulize kama unanyamaza kwa unyenyekevu au kwa kukwepa nyumba ya mjane, kwa sababu kimya cha namna hiyo ndicho ulichonacho tayari na umeshaona kinavyokula usingizi. Unaweza kumruhusu binti yako apandishe kama ilivyo. Utapata siku kadhaa za pongezi, na hatari zake nimeshazisema. Unaweza pia kuiandikia kwaya kwa faragha, bila kelele, ukiwapa nakala ya kurasa zote mbili, na kuwaomba waandike majina mawili. Wao waliandika "hajulikani" kwa sababu hawakujua; huenda wakafurahi kujua, huenda wakakudharau, na jibu baya la faragha ni rahisi kulibeba kuliko matusi ya hadharani kwa mtu mwenye moyo uliolazwa mwaka jana. Kama mtaelewana, mdogo wako hatakuwa na sababu ya kuogopa neno kiki. Na ipo njia nyingine tulivu zaidi: uketi uandike habari ya usiku ule yote, binti aliyekufa, kalamu, mstari uliofutwa, nani aliandika nini, uwaombe wale wazee wa kwaya waliobaki watie saini, kisha uwaachie nakala watoto wako na mtoto wa rafiki yako. Hutajulikana kesho. Lakini atakayetafuta atapata.

Usiseme umechelewa. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi wimbo wake Mbube mwaka 1939, akauza haki zake kwa shilingi 10, akafariki mwaka 1962 akiwa maskini huku wimbo wake ukizunguka dunia kwa majina ya watu wengine. Mabinti zake walikuja kupata makubaliano ya kulipwa mwaka 2006. Ile ilikuwa dhuluma ya pesa nyingi, na yako si hiyo; nakutajia tu ili uone kwamba watoto wanaweza kulibeba jambo hili hata baba asipoliona mwisho wake. Binti yako ana nguvu hizo. Mpe habari nzima badala ya nusu.

Yule mama, sasa. Umesimulia kama tukio lililokuumiza, na lazima liliuma. Mimi nimeliona na upande mwingine. Mtu asiyekujua alikuona umekabwa na koo, akafikiri huna maneno, akakupa ya kwake. Maneno uliyoyatoa ukiwa na miaka 24 ili kumfariji mtu usiyeweza kumfikia, yamezunguka miaka 34 yakakurudia wewe siku uliyoyahitaji. Angekujua kuwa ndiwe mtunzi, angenyamaza kwa heshima na kukuachia uongoze. Sikuambii hilo ni bora kuliko jina. Nakuuliza tu kama ungependa lisingetokea.

Ukiamua kwenda kwa mjane, na uamuzi ni wako, mimi ningekuomba uende peke yako, bila simu ya binti yako na bila karatasi ya kutia saini. Chukua daftari. Usianze na maelezo marefu wala kujitetea. Mfungulie ukurasa wa pili na umwache asome mwandiko wa mumewe kwa muda anaoutaka. Yumkini ataujua na mstari ule uliofutwa kwa nini ulifutwa.

Niandikie ukirudi, kaka, hata iwe mistari miwili.

Dada yako,
Mshauri